Mrama si kuzama

Swali nililoletewa ni hili, nimelifupisha kidogo:

"Shikamoo Mwalimu. Mimi ni katibu wa kikundi chetu cha kufuga sato kwenye vizimba, huku Ilemela. Tuna vizimba vinne. Asubuhi moja tuliamka tukakuta samaki wa vizimba viwili wanaelea. Bei ya chakula imepanda na mkopo unadai. Kwenye muhtasari wa kikao niliandika: 'Mradi umekwenda mrama.' Mweka hazina wetu, mama mtu mzima ambaye simwezi kwa maneno, akakataa kusaini. Alisema nimeuandikia mradi tanzia ilhali vizimba viwili bado vina samaki. Mzee mwenzetu mmoja, mzaliwa wa Ukerewe, akasema mrama si kufa. Kijana wetu wa boti akauliza kwa nini nisiandike tu 'umebuma' watu tukalale. Mwenyekiti naye alichukua kalamu nyekundu akasahihisha, akaandika 'mlama'. Tuamulie. Mrama ni nini hasa? Na mtu akitaka kusema mradi ulikuwa wa kushindwa tangu siku ya kwanza, neno lake ni lipi?"

Marahaba, Ndugu Katibu. Poleni kwa samaki.

Mzee wenu wa Ukerewe amepatia. Mweka hazina hajakosea, ingawa kwa sababu nyingine kabisa nitakayoieleza. Mwenyekiti amekosea. Kijana wa boti tutamfikia.

Mrama ni neno la chomboni. Ni jina la mwendo wa kuyumba: chombo kinalalia ubavu huu, kinainuka, kinalalia ubavu wa pili, au omo, yaani mbele ya chombo, inapanda na tezi, yaani nyuma yake, inadidimia, kisha kinyume chake. Liweke pamoja na ndugu zake utaliona vizuri: kwenda mbio, kwenda shoti, kwenda joshi, kwenda mrama. Katika yote hayo kitu kinakwenda. Kinakwenda vibaya au vizuri, lakini kinakwenda. Kilichozama hakiendi mrama. Kilichozama kimezama.

Mimi nililisikia kwanza utotoni, Pangani, kwa babu yangu aliyekuwa baharia wa majahazi ya mikoko na chumvi. Alikuwa mtu wa maneno machache. Nakumbuka tukitoka mlangoni mwa mto na upepo ukatupiga ubavuni, akasema bila kupaza sauti, "Kinakwenda mrama hiki. Hamisheni magunia." Sentensi mbili. Ya kwanza inaeleza hali, ya pili ni amri. Miaka mingi baadaye, nilipoanza kulichunguza neno hili kwa kazi, ndipo nilipong'amua kwamba sikuwahi kumsikia akilitamka bila amri nyuma yake. Hakuwahi kusema "kinakwenda mrama, tuombe dua." Dua ilikuwa na maneno yake na wakati wake.

Sasa, chombo huenda mrama kwa nini? Hapa neno lina utajiri ambao muhtasari wa kikao unaweza kuufaidi. Huenda mrama kwa sababu shehena imehama, magunia yametelezea upande mmoja. Huenda mrama kwa sababu watu wote wamekimbilia ubavu mmoja kutazama kitu. Huenda mrama kwa sababu ya mawimbi ya ubavuni, na hilo nahodha hulitibu kwa kugeuza omo. Na huenda mrama, jambo ambalo wengi hawalitarajii, kwa sababu kiko kitupu. Chombo chepesi mno hakitulii majini. Ndiyo maana mabaharia hutia farumi, yaani mawe au mchanga unaolazwa chini, karibu na mkuku, ule uti wa mgongo wa chombo, si kwa biashara bali kwa uzito tu. Ukiniuliza mimi, farumi ya kikundi ni akiba. Vikundi vingi vya huku ziwani ninavyovifahamu vilianza na vizimba, vifaranga, kofia na fulana za sare, na senti ya farumi hakuna. Samaki hata mmoja hajafa, tayari kikundi kinayumba. Lakini hayo si maswali ya lugha, nisije nikaambiwa najitia uenyekiti.

Iko methali unayoijua: manahodha wengi, chombo huenda mrama. Isome tena taratibu. Wahenga hawakusema chombo huzama. Walikuwa na neno kuzama na hawakulitumia. Walichotaka kusema ni kwamba kila nahodha akivuta usukani wake, chombo kinapepesuka, kinapoteza njia, abiria wanatapika. Na dawa yake inajulikana, abaki nahodha mmoja. Kama wangekusudia maangamizi wangesema maangamizi, maana wanapoyataka huyasema, kama tutakavyoona.

Utaniuliza neno la majahazi ya pwani limefikaje kwenye maji baridi ya Ziwa Victoria. Limefika kwa mguu, kama maneno mengi ya Kiswahili yalivyofika huku, mgongoni mwa wapagazi na vinywani mwa wafanyabiashara. Mwaka 1875 mpelelezi Stanley alipofika ukingo wa ziwa pale Kageye, upande wa Magu ya leo, alimkuta mfanyabiashara kutoka pwani aitwaye Songoro, ambaye alikuwa akiundisha jahazi Ukerewe. Fikiria kazi hiyo: mtu amevuka nchi nzima kwa miguu, akafika kwenye maji, jambo la kwanza anataka jahazi. Na anayeunda jahazi hawezi kukwepa kusema mkuku, omo, tezi, tanga, mrama. Songoro mwenyewe mwisho wake ulikuwa mbaya. Desemba 1877 aliuawa huko huko Ukerewe pamoja na wamisionari wawili Waingereza, Shergold Smith na O'Neill, katika ugomvi na Mtemi Lukonge. Mzee wenu huenda anazo habari hizo kwa mapokeo ya kwao, na mapokeo hayo yangenifurahisha kuliko niliyoyasoma. Muulize.

Leo Mwaloni Kirumba, soko la dagaa hapa Mwanza, hulisikii sana neno lenyewe kwa maana yake ya chomboni. Vijana wanaopakua magunia ya dagaa kutoka visiwani husema boti "inalalia" au "inacheza". Lile la mrama limepanda nchi kavu, likaingia ofisini, likavaa tai. Ni safari ya ajabu kwa neno: watu wanaoishi majini wamelipumzisha, na watu wasiojua kuogelea wanalitumia kila wiki kwenye taarifa ya robo mwaka.

Nitie neno moja la tahadhari kwa watu wa Mwanza hasa. Ukiwa unazungumzia chombo halisi chenye abiria, usilitumie neno hili kwa mzaha wala kwa madoido. MV Bukoba ilipopinduka karibu na Mwanza tarehe 21 Mei 1996, haikuchukua familia za mtaa mmoja wala kabila moja. Ukitaja kuyumba kwa meli mbele ya watu wa rika langu hapa mjini, humo ndani kuna mtu aliyezika. Kwa mradi wa vizimba hakuna ubaya. Kwa kivuko, sema tu kinayumba, na sema mapema.

Turudi kwenye sentensi yako. Kisarufi, mrama hapo limekaa kama kielezi, linaeleza namna ya kwenda, na halibadiliki: mradi umekwenda mrama, mambo yamekwenda mrama, safari imekwenda mrama. "Umekwenda" na "umeenda" yote yanasikika, chagua moja uishi nayo. Likitokea kwa mtu, mtu huyo huingia kati ya kitenzi: mambo yamemwendea mrama. Likisababishwa na mtu, tunasema ameyapeleka mrama. Na kwenye mikataba na katiba za vikundi kuna ile "mambo yakienda mrama", ambayo ni sehemu inayopaswa kuandikwa siku ya kwanza na ndiyo huandikwa mwisho au haiandikwi. Watu wengine humwambia kijana aliyepotoka kwamba "ameenda mrama". Siwezi kusema ni kosa, ila sikio langu linapendelea ameenda kombo. Mtu hupinda. Chombo ndicho huyumba.

Lakini kilichowagombanisha si mrama. Ni ile me ya "umekwenda". Hapo ndipo mweka hazina wenu anapopata haki yake. Angalia tofauti: "mradi unakwenda mrama" na "mradi umekwenda mrama". La kwanza ni la babu yangu, chombo kinayumba sasa hivi na magunia bado yanahamishika. La pili linasema mwendo umekamilika na matokeo yake ndiyo haya tuliyokaa nayo. Ongeza na jinsi magazeti na redio zilivyolitumia neno hili kwa miaka mingi, mazungumzo yakivunjika, mpango ukifutwa, timu ikifungwa bao la dakika ya mwisho, yote "yamekwenda mrama", na utaona kwa nini mama yule alisikia tanzia. Amelisikia kama linavyosikika siku hizi. Mzee amelisikia kama lilivyozaliwa. Wewe uliandika katikati, pasipo na mwenyewe.

Wapo wenzangu katika kazi hii watakaokwambia maana ni ile ya sasa tu, asili ni mapambo. Sikubaliani nao kwa neno hili. Ukiuliza watu, hata vijana, "mambo yanakwenda mrama" maana yake ni yamekufa? watakujibu hapana, yanaharibika. Kule kuyumba bado kumo ndani, kumefunikwa tu na me. Ukibadilisha silabi moja, chombo kinarudi juu ya maji.

Kuhusu kalamu nyekundu. Ni mrama, kwa r. Najua kosa limetoka wapi na silicheki: Kisukuma hakina sauti ya r, na ulimi uliokulia huko huilainisha kuwa l bila kukusudia. Kwenye mazungumzo hakuna hasara, tunaelewana. Kwenye maandishi hasara ipo, kwa sababu Kiswahili kinazitenga sauti hizi mbili kwa maana. Mahali na mahari si kitu kimoja, muulize yeyote anayeoza binti. Na kikundi kinachopiga kura si sawa na kikundi kinachopiga kula, ingawa ninavyo vikundi kichwani ambako ukatibu ungehitaji kuandika zote mbili. "Mlama" kwa l halipo.

Sasa majirani wa neno hili, maana kijana wa boti ana hoja. "Kubuma" ni neno hai na lina kazi yake. Dili limebuma, safari imebuma: kilichotarajiwa hakikutokea. Lakini sikiliza, hubuma kitu ambacho hakijaanza kutoa matunda, ahadi, mpango, mkataba uliokuwa usainiwe kesho. Vizimba vyenu vilianza, samaki walikua, mkawauza au mlikaribia kuwauza. Havijabuma. Zaidi ya hapo ni neno la kijiweni, na muhtasari wa kikao huenda ukasomwa na afisa wa mkopo.

"Kugonga mwamba" ni neno la majini pia, na Mwanza hatuhitaji kufundishwa mwamba. Kuna Jiwe la Bismarck pale mbele ya macho ya kila anayesubiri kivuko cha Kamanga. Kinachogonga mwamba kimesimamishwa na kitu cha nje kilichokuwepo kabla yake: sheria, mpinzani, kibali kilichokataliwa. Mrama hutoka humo humo chomboni, au hutibiwa humo humo. Kama kesho mtaambiwa eneo lile haliruhusiwi vizimba, hapo ndipo mtakapogonga mwamba.

"Kutumbukia nyongo" nalipenda kuliko yote, na wake zetu wanaoparua sato mwaloni wanalijua kwa vidole. Unapasua samaki mzuri, mnono, kisu kinateleza kidogo tu, nyongo inapasuka, na ule uchungu unaingia kwenye nyama. Samaki yupo. Uzito wake haujapungua hata gramu. Ila haliki. Hilo ni neno la ushirika ulioingiwa na shaka, posa iliyoharibiwa na neno moja la shangazi, kikundi ambacho hesabu zake haziaminiki tena. Mradi unaweza kwenda mrama huku wanachama wanapendana. Na unaweza kuwa na faida benki huku umetumbukia nyongo. Barua yako, samahani kwa kusema, ilinipa harufu kidogo ya nyongo. Mweka hazina anakataa kusaini, mwenyekiti anasahihisha r badala ya kujadili samaki.

Kitumbua kuingia mchanga ni kwa kitu kilichokuwa tayari mkononi, kitamu, kikaharibika mwishoni. Kwenda arijojo ni kwa tiara iliyokatika uzi, hakuna tena anayeishika, inakwenda inakotaka upepo. Kati ya mrama na arijojo tofauti ni nahodha. Kusuasua, mradi unakwenda lakini kwa kukokotwa. Hayo yanatosha.

Swali lako la mwisho ndilo lililonikalisha mezani. Mradi wa kushindwa tangu siku ya kwanza unaitwaje?

Wewe mwenyewe umeshajibu bila kujua. Umeandika "mradi wa kushindwa". Kiswahili hakina kivumishi kimoja cha jambo hili. Kina muundo, na muundo wenyewe ni mdogo sana kiasi kwamba tunaupita kila siku bila kuusalimia: -a ya uhusiano na kitenzi cha ku-. Sikio la kufa halisikii dawa. La kuvunda halina ubani. Siku ya kufa nyani, miti yote huteleza. Na ile inayotufaa sisi wa majini: chombo cha kuzama hakina usukani. Iweke sasa kando ya ile ya manahodha. Kule chombo "huenda mrama", tatizo liko mikononi mwa watu. Huku ni chombo "cha kuzama", na usukani wa nini? Hata ukiwepo ni kama haupo. Wahenga wale wale, bahari ile ile, wakatenganisha mambo mawili kwa vitenzi viwili.

Ujanja wa muundo huu ni kwamba una sura mbili. Maji ya kunywa, dagaa wa kuuza, nyavu za kushona: hapo ku- inaonyesha kazi ya kitu, kusudi lake. Sikio la kufa, chombo cha kuzama: hapo ku- inaonyesha kinachokisubiri. Hakuna alama yoyote inayozitenga sura hizi ila akili ya msikilizaji. Anajua hakuna aundaye chombo ili kizame. (Ukikitoa kwenye methali, chombo cha kuzama kinaweza kabisa kuwa nyambizi, na hicho usukani kinao.) Nadhani nguvu ya maneno haya inatoka hapo hapo. Unaposema "mradi wa kufa", kwa nusu sekunde sikio linasikia kana kwamba kufa ndiyo kazi uliyoanzishiwa.

Mfano mkubwa wa nchi hii ni karanga. Baada ya Vita Kuu ya Pili, Uingereza ikiwa na upungufu wa mafuta ya kula, serikali yake ilipitisha mpango wa kulima karanga Tanganyika kwenye zaidi ya ekari milioni 3, huko Kongwa, Urambo na Nachingwea. Kazi ilianza 1947. Matrekta yalivunjikia kwenye vichaka na mizizi ya mibuyu, vipuri vikachelewa, mafundi wakawa haba. Ungekuwa katibu wa mpango ule mwaka 1947 ungeandika, na ungekuwa sahihi, "unakwenda mrama", kwa sababu trekta hutengenezwa na fundi huletwa. Lakini Kongwa ni Ugogo, nchi ya mvua haba, na udongo wake wa mfinyanzi ukikauka unashupaa kama saruji, na karanga ni zao linalozaa chini ya ardhi. Ardhi iliyoshupaa hairuhusu kuzing'oa. Hilo halikuwa shehena iliyohama. Lilikuwepo kabla trekta la kwanza halijateremshwa. Januari 1951 mpango ukafutwa, ukiwa umekwishateketeza pauni zipatazo milioni 36. Kwa Kongwa, "mradi wa kufa" si tusi, ni maelezo.

Kwa hiyo ukitaka kulitumia neno zito namna hiyo kwa vizimba vyenu, jiulize swali la Kongwa: kilichoua samaki kilikuja baadaye, au kilikuwepo siku mnafunga kamba za kwanza? Mimi si mtaalamu wa samaki. Ila najua kwa kuishi hapa kwamba vizimba vinataka maji yenye kina na yanayotembea, na kwamba samaki wakibanana kwenye maji yaliyotulia, kuna asubuhi hewa ya majini inapungua na wanaelea wote kwa mkupuo, kama walivyoelea wenu. Kama vizimba vyote vinne viko kwenye kijighuba kile kile kisicho na mkondo, basi hata huo mradi si wa kufa. Mahali ndipo pa kufa. Andika hivyo: "eneo lilikuwa la kuua samaki". Muundo ni ule ule, lakini umeuhamisha kutoka kwa watu na mradi, ukaupeleka kwenye maji, na vizimba huvutwa. Kufanya hivyo si kupaka rangi ukweli. Ni kuuliza kufa kumekaa kwenye nomino ipi.

Ipo pia mfa maji haachi kutapatapa, ambayo naona itamjia mtu kichwani kama kuna anayependekeza mkopo wa pili wa kulipia wa kwanza. Isemwe nje, chini ya mwembe. Kwenye muhtasari itachoma mtu.

Ningekuwa katibu, ningeandika hivi:

"Mradi unakwenda mrama kufuatia vifo vya samaki katika vizimba viwili na kupanda kwa bei ya chakula. Vizimba viwili vina samaki hai. Kikao kimeagiza: vizimba vyote vihamishiwe kwenye maji yenye kina na mkondo, idadi ya samaki kwa kila kizimba ipunguzwe, mweka hazina alete hesabu kamili ya mkopo katika kikao kijacho, na sehemu ya mauzo itengwe kama akiba."

Unakwenda, si umekwenda. Na baada ya mrama, amri, kama kwa babu. Msomee mweka hazina kwa sauti kabla hujampa kalamu, maana kwa nilivyomwelewa ni mtu wa kusikia kuliko kusoma, na pale kwenye "hai" mpe nafasi apumue. Mzee wa Ukerewe nisalimie sana. Kijana wa boti mwambie "umebuma" tunaliweka akiba. Kalamu nyekundu ikae kwa katibu.